Kurasa za Kushoto na Kurasa za Kuume

Nina daftari moja ambalo jalada lake limekwisha kulegea. Katika kurasa za kushoto ninaandika vitu nilivyovikuta katika intaneti kwa telefone yangu. Katika kurasa za kuume ninaandika vitu nilivyovifanya mwenyewe kwa mikono yangu. Zamani sikuligawa hivyo, nilichanganya tu. Nataka kuwaelezea neno lililonipata mpaka nikagawa kurasa, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Mimi ni seremala, nakaa Likasi. Mchana natengeneza milango, vitanda na viti. Jioni, kazi za watu zikiisha, natengeneza gitare. Hapo mwanzo sikujua lolote juu ya gitare, ila niliwaona watoto wa mtaa wetu wakizifanya kwa bidoni ya mafuta, kipande cha ubao na waya za breki za baiskeli. Zinalia, ndiyo, lakini huwezi kuimba nazo. Vidole vikishuka shingoni kidogo tu, sauti zinagombana. Nikataka kujua sababu.

Mnajua, shingoni mwa gitare kuna vyuma vidogo vilivyolala kama vidato vya ngazi. Ukibonyeza uzi nyuma ya chuma, uzi unakuwa mfupi, sauti inapanda. Lakini vyuma hivyo viwekwe wapi? Watoto wanakadiria kwa macho. Mimi nami nilikadiria kwa macho, na mbao mbili nzuri za mulombwa zikaharibika. Basi usiku mmoja, nikitafuta-tafuta katika telefone, nikakuta kanuni. Pima urefu wa uzi toka juu mpaka chini, ugawe kwa 18: hapo ndipo pa chuma cha kwanza. Urefu uliobaki ugawe tena kwa 18: hapo ndipo pa chuma cha pili. Endelea vivyo hivyo mpaka chini. Kanuni hiyo ilielezwa kule Italia mwaka 1581 na Vincenzo Galilei, fundi wa muziki, baba wa yule Galileo aliyechungua nyota. Nilicheka peke yangu gizani. Mtu aliyekufa zamani vile, tena hajapata kusikia jina la Likasi, ananisaidia kazi yangu!

Lakini kanuni yake si kamili. Uzi wa gitare yangu una milimeta 650. Chuma cha 12 kinapaswa kuanguka katikati kabisa, kwenye milimeta 325. Kwa 18 kilianguka kwenye 322 na nusu hivi. Kwa mlango, milimeta mbili na nusu si kitu, rangi inafunika. Sikio halifunikwi. Nikarudi kutafuta, nikakuta namba wanayoitumia mafundi wa gitare siku hizi: 17 na sehemu 817 za elfu. Chuma changu cha kwanza kikasogea kidogo sana, hata nusu milimeta haikufika, lakini cha 12 kikaangukia mahali pake. Namba hiyo sikumficha mtu. Mtoto yeyote akipita karibu na karakana yangu na bidoni yake, namwita, nampimia. Kugawa kitu cha namna hiyo kunanifurahisha kuliko kukikuta.

Kosa langu lilikuwa katika wimbo.

Katika kutafuta-tafuta kule nilikuta pia gitare ya Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta papa hapa kwetu, wakati mji ulipoitwa Jadotville, akanasa gitare yake. Wimbo mmoja unaitwa Masanga. Wasomaji wengine wataniambia: wewe mtu wa Likasi, hukuujua Masanga? Nilikuwa nimesikia jina, kama mtu anavyosikia jina la babu yake. Sauti yenyewe sikuwa nimeisikia. Mara ya kwanza nilifikiri wanapiga watu wawili. Kumbe ni mmoja, tena kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu.

Telefone inaweza kuchelewesha wimbo mpaka mwendo wake uwe nusu. Nikauchelewesha, nikashika kipande kimoja kila usiku. Mega zangu zikaliwa, na kitanda cha mtu kikangoja karakanani juma zima bila miguu. Mke wangu akaniambia: «Baba watoto, umetafuta sana, je, leo umeranda nini?» Sikumjibu. Kisha wimbo ukaniingia vidoleni. Mwishoni nikaongeza kipande kidogo changu, sekunde kumi hivi.

Siku ya sikukuu ya parokia nikaupiga mbele ya vijana, katika sala ile kubwa iliyo nyuma ya kanisa, kwa gitare niliyoitengeneza mwenyewe. Walipiga makofi sana. Kijana mmoja wa korali akauliza: «Wimbo huu umetungwa na nani?» Nikasema: «Nimeutunga mimi.» Neno likatoka kabla sijafikiri, lakini lilipokwisha kutoka, sikulirudisha. Makofi yaliongezeka.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mzee mmoja na fimbo yake. Nilipotoka akanishika mkono wa kuume, akautazama kama mtu anayekagua mti kabla ya kuununua. Akasema polepole: «Mwanangu, kidole gumba chako kinakosea. Bosco hakupiga hivyo.» Akaniachia, akaenda zake. Wala hakuwaambia wengine.

Usiku ule sikulala. Uongo ulinichoma, hakika. Lakini jambo jingine lilinichoma zaidi. Gitare ile ilikuwa yangu kweli: mti niliukata mimi, shingo niliiranda mimi, vyuma nilivipima mimi mpaka macho yakaniuma. Hakuna aliyeuliza habari zake. Nilijipa kazi ya mwingine, na kazi yangu mwenyewe nikaiacha bila shahidi. Wakijua kwamba wimbo si wangu, nani atasadiki kwamba gitare ni yangu?

Siku ya tatu nikashika njia, nikaenda kwa mzee na gitare begani. Nikasema: «Papa, nimekuja kwa ajili ya neno lile.» Akajibu: «Ninajua. Kaa.» Akanieleza kwamba wakati ule wa 1952 alikuwa mtoto wa miaka 12, tena alimsikia Bosco kwa masikio yake. Nikatoa telefone, nikamwekea Masanga. Aliisogeza sikioni kama watu wanavyosikiliza saa iliyosimama. Wimbo ulipokwisha akaomba tena, na tena. Kisha akauliza sauti hiyo ilikuwa imelala wapi miaka yote. Nikamweleza nilivyosoma: Tracey alianzisha mwaka 1954 nyumba ya kutunzia muziki wa Afrika, kule Afrika ya Kusini, yeye alikufa mwaka 1977, lakini nyumba ingalipo, inatunzwa na chuo kikuu. Mzee akasema: «Kumbe walimbeba mbali, na sasa amerudi katika mfuko wako wa suruali.»

Vidole vyake vimekakamaa, hawezi tena kubonyeza uzi. Alinifundisha kwa kugonga meza. Gumba linatembea peke yake, sawasawa, kama mtu aendaye kazini asubuhi wala hamngoji mtu; kidole cha shahada ndicho kinachocheza. Mimi nilikuwa nikichezesha vyote viwili. Telefone haikuweza kuniambia hilo, hata kwa mwendo wa nusu.

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa ya kusema maneno machache katika sala ile ile. Nikasema wimbo ni wa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1969 alikwenda Marekani kupiga gitare katika sikukuu ya muziki ya Newport. Mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari. Nikasema changu ni zile sekunde kumi za mwisho, pamoja na gitare. Wengine walicheka. Kijana yule wa korali alitoka nje. Mama mmoja akanikaribia akauliza: «Na gitare, umeifanya wewe kweli?» Nikasema: «Ndiyo, Mama.» Akauliza mara ya pili: «Kweli kweli?» Nilistahili swali hilo. Nikamkaribisha karakanani aone vumbi.

Tangu hapo daftari lina pande mbili. Jana nilihesabu: kurasa za kushoto zilizojaa ni 41, za kuume ni 9. Kukuta hakutoi jasho, ndiyo sababu. Kwa kushoto kuna picha niliyoichora ya lukasa ya Baluba, ule ubao mdogo wa shanga ambao wenye kujua waliupapasa kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme. Ubao mmoja umewekwa katika jumba la vitu vya kale la Brooklyn, Marekani, na picha yake ipo wazi kwa kila mtu. Nilitaka kutia shanga za namna hiyo juu ya kichwa cha gitare. Nimesita. Wale waliozipanga walikuwa na neno katika kila shanga. Mimi ningeweka urembo tu. Ukurasa wake wa kuume ungali mweupe.

Wengi sasa wananiletea vyao. Fundi mmoja wa viatu alinionyesha namna ya kushona aliyoiona katika telefone, na viatu alivyoshona, kushoto na kuume, kama daftari langu. Kiatu kimoja kilikuwa kibaya. Alinionyesha hicho pia.

Gitare ya saba iko juu ya meza, gundi inakauka. Ni ya mjukuu wa mzee yule. Nilitaka kumwandikia namba yangu ya vyuma, akakataa. Anasema aanze kwanza na 18, asikie mwenyewe makosa yake. Nimemtafutia ubao mwingine wa bei nafuu.