Mpaka Ndani ya Diski

Sisi watu wa Migwani twajua thamani ya mpaka. Shamba la mlimani likigawanywa kwa ndugu wawili, wazee hulitembea kwanza. Hutazama tuta, mti na jiwe, huuliza nani alipanda nini na wapi, ndipo alama huwekwa. Desturi hiyo nilijifunza upya mbele ya kompyuta kuukuu ya shule, na aliyenifunza alikuwa mwanafunzi wangu.

Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 80. Iliendeshwa na Windows XP, mfumo ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza tarehe 8 Aprili 2014. Ilijikokota kama punda aliyechoka, na wengine walishauri itupwe. Lakini ndani yake zilikuwamo alama za wanafunzi za miaka 6, pamoja na hadithi za wazee ambazo wanafunzi walizikusanya vijijini na kuzipiga chapa. Wawili katika wasimulizi wale walikuwa wamekwisha kufariki.

Nilikuwa nimesoma habari za Linux. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta uliofanana na Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Hakukificha, aliwaachia watu wote wakitumie, wakinakili na kukitengeneza. Juu ya kiini hicho watu wa kujitolea wamejenga mifumo mingi. Mmoja ni Debian, ulioanzishwa mwaka 1993. Haudai malipo, nao waweza kukaa katika mashine dhaifu. Nikaazimia kuupa sehemu ya diski yetu, kando ya ule wa kale.

Jumamosi moja, wanafunzi watatu wakiwa nyuma yangu, nilichomeka flashi yenye Debian, nikaanza. Maswali yalikuja moja moja: lugha, saa, jina la mashine. Nilijibu kwa haraka ya mtu anayetazamwa. Likaja swali la diski. Jibu la kwanza lilikuwa jepesi: kutumia diski nzima. Nilikuwa nimekwisha kulichagua, ikabaki kuthibitisha tu, msichana mmoja aliposema kwa upole, "Samahani, mwalimu. Tukitumia diski nzima, zile hadithi zitakaa wapi?"

Uso wangu ulipata joto kwa aibu. Kama ningalithibitisha, orodha ya mipaka iliyo mwanzoni mwa diski ingaliandikwa upya, na mfumo mpya ungalilala juu ya maneno ya wazee wale. Nikamshukuru mbele ya wenzake, nikazima mashine.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulinakili kila kitu katika flashi mbili, tukazifungua nakala ili kuhakikisha kwamba zasomeka. Ndipo tulipoanza tena, safari hii tukigawa kwa mkono: gigabaiti 55 za mfumo wa kale, 25 za mpya. Kupunguza sehemu si kuchora mstari tu. Yaliyohifadhiwa mwishoni huhamishwa kwanza kuelekea mwanzo, kama mtu avunaye mahindi yake kabla ya kukabidhi shamba. Umeme ukikatika wakati huo, yote yaweza kuharibika. Na kwetu umeme hukatika. Tulisimama kimya tukiitazama taa ya darini.

Haikuzimika. Mashine ilipoamka, ilionyesha majina ya mifumo miwili, ikangoja tuchague. Tukaingia Debian, na kutoka humo tukaifungua sehemu ya kale. Msichana yule akachagua hadithi moja, akaisoma kwa sauti. Msimulizi alikuwa marehemu nyanya yake.

Enyi vijana, mwalimu wenu akifanya haraka, muulizeni. Swali la adabu halimvunjii heshima, mimi liliniokoa.