Damu Safi, Nyonga Mbovu

Mjomba wangu anaishi Mahurunga, katika bonde la Mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Hulima mpunga na mahindi, na adui zake wakubwa ni nguruwe mwitu na nyani. Kwa miaka mingi shamba lake lililindwa na mbwa wawili wa kienyeji, wembamba, wenye rangi ya udongo, ambao hapana mtu aliyewaonea fahari.

Nilitaka kumfurahisha mzee. Ndipo nikanunua Dar es Salaam mtoto jike wa mbwa wa Kijerumani, wa aina ile tuionayo kwa polisi. Muuzaji alinionyesha karatasi yenye majina ya wazazi na babu zake, mbwa wa damu safi. Sikuuliza neno juu ya afya yao. Nililipa, nikasafiri naye hadi kijijini, tukamwita Malkia.

Alipotimiza mwaka mmoja na nusu, Malkia alianza kuinuka kwa taabu kila asubuhi. Alipokimbia aliruka kwa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, mithili ya sungura. Daktari wa mifugo alimpima, akaeleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja hakikukaa sawasawa katika kikombe cha nyonga. Unene huuzidisha ugonjwa huo, lakini mzizi wake hurithiwa. Mwana hutazama kisogo cha nina.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia, "majirani watatu wamekwisha kunipa arbuni ya watoto wake. Tumzalishe mara moja tu, kisha basi."

Ndugu msomaji, kumkatalia mjomba si jambo jepesi katika ukoo wetu. Huyu ndiye aliyeuza mpunga wake nipate karo ya chuo cha uandishi. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikamsimulia habari za mbwa wa Kongo waitwao basenji, jina lililo ndugu wa neno letu "shenzi". Katika miaka ya 1930 Wazungu walichukua wachache wao na kuwazalisha huko kwao. Kizazi baada ya kizazi walioana wao kwa wao, hata maradhi ya figo na ya upungufu wa damu yakaota mizizi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walirudi Zaire, yaani Kongo ya leo, kutafuta mbwa wa vijijini wa kuongeza damu mpya. Mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandikisha.

Mjomba aliwatazama mbwa wake wawili waliolala chini ya mwembe. "Kumbe hawa ninaowaita shenzi ndio waliofuatwa kwa ndege?" Akacheka kidogo, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Nikiwauzia jirani zangu vilema," alisema hatimaye, "nitawatazamaje?"

Arbuni ilirudishwa. Nusu ilitoka katika mpunga wake, nusu katika mshahara wangu. Malkia alifungwa kizazi. Hawezi kuwafukuza nguruwe, lakini hubweka usiku, na wale wawili wa kienyeji humaliza kazi.

Wakazi wengi wa mijini sasa hununua mbwa wa aina za kigeni kwa ulinzi au kwa fahari. Hapana ubaya, ila kabla ya kutoa fedha hapana budi kuwaona wazazi wote wawili wakitembea na kukimbia. Ulizeni iwapo nyonga zao zimepimwa na daktari. Msikubali kuzalisha ndugu na ndugu, wala mbwa asiyetimiza miaka miwili, kwa maana kasoro nyingine hujificha hata umri huo. Na kila mbwa, wa karatasi au wa kienyeji, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini sheria haiingii katika kila ua. Malkia hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, niliyesoma majina ya babu zake nisiulize kama waliweza kutembea.