Siku mbili hemani Mikumi na mtoto mwenye selimundu

Kila Desemba, basi la Iringa linapoingia eneo la Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, binti wa miaka tisa kutoka Kihonda, Morogoro, hupewa kiti cha dirishani. Ndio utaratibu wa familia wanapokwenda kwa kina baba. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa takribani kilomita 50, dereva anapunguza mwendo kwa sababu ya matuta na vibao vya faini kwa anayegonga mnyama, na mtoto anahesabu: swala, pundamilia, nyani waliokaa kando ya lami kama abiria waliochelewa. Twiga akionekana, basi zima linasimama kuchungulia. Baada ya hapo ni Mikumi mjini na hesabu imekwisha.

“Mama, kwani sisi haturuhusiwi kushuka?” aliuliza safari ya mwisho.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230 na iko mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Morogoro mjini. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, si dola. Hata hivyo wakazi wengi wa Morogoro wanaifahamu kupitia kioo cha basi, na hilo kwa kweli ni jambo la kusikitisha kidogo.

Kwa familia hii sababu haikuwa fedha peke yake. Binti ana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Seli zake nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa na viungo. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka nchini. Vinavyochochea maumivu vinajulikana: upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu, maambukizi, na malaria. Ukiisoma orodha hiyo kisha ukafikiria kulala kwenye hema porini, unaelewa kwa nini wazazi walikuwa wakijibu “mwakani” kila mwaka.

Aliyepinga zaidi ni bibi mzaa mama, anayeishi Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na neno la bibi halipitwi hivi hivi. Mgeta yenyewe mjukuu haendi mara kwa mara, maana baridi ya kule imewahi kumlaza wiki nzima. Bibi ndiye hushuka na kabichi zake na njegere kuja kumwona.

“Kwangu hamumleti, porini mnampeleka?” alisema kwenye simu.

Jibu alilolipata lilikuwa mwaliko. Aje naye.

Kliniki hawakuwakataza. Daktari alimpima mtoto wiki moja kabla, akataka wajue kituo cha karibu cha matibabu, na akasisitiza kuwa homa yoyote ni ya kukimbiza hospitali, si ya kusubiri asubuhi. Mama akachagua kambi kwa kigezo ambacho hakimo kwenye matangazo ya utalii: iwe nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, upande wa Mikumi mjini, ili gari liweze kutoka usiku. Ndani ya hifadhi mgeni haruhusiwi kuendesha gari usiku. Mjini ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, nayo aliikariri njia yake kabla hajaulizia bei ya chakula.

Dawa za kila siku zilikaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Kilichosumbua ni sweta. La mtoto lilikuwa la shule, la buluu, na mbung'o wanapenda rangi ya buluu na nyeusi kiasi kwamba hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mama akaenda mitumbani na kurudi na la kahawia, kubwa kama gunia. Binti alilikataa mpaka bibi alipomwambia, “Haya, mke mwenzangu, nipe mimi nipendeze,” ndipo akalinyakua.

Mahema yenyewe yaliwashangaza. Ni turubai nene juu ya jukwaa la mbao, vitanda vya kweli vyenye vyandarua, na nyuma choo na bafu. Kambi haina uzio. Mgeni haendi kula wala kurudi hemani usiku bila askari wa kambi mwenye tochi, na hakuna kuingiza hata ndizi hemani, kwa sababu nyani na tembo wana pua. Mdogo wake binti, wa miaka mitano, alikuwa ameficha maandazi mawili. Yalitolewa kwa majadiliano marefu.

Jioni ile walizungushwa hifadhini kwa gari la kambi. Waliona nyati, twiga wengi na simba jike aliyelala chali bila habari na mtu. Kila kitu kilikwenda vizuri, au ndivyo walivyodhani.

Saa nane usiku binti aliamka akilia mguu.

Mama alimpima joto, homa hakuna. Alimpa dawa ya maumivu aliyoelekezwa kliniki, akamwongezea blanketi. Baba alikwishashika funguo za gari. Alipofungua zipu ya hema, askari aliyekuwa nje alimwonyesha kwa mkono: atulie. Kati ya hema na maegesho alisimama tembo, anavunja matawi taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Walisubiri dakika kama 30. Kwa mzazi mwenye mtoto anayelia, hizo si dakika chache. Askari alizungukia upande wa jikoni akarudi na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Bibi akalowesha kanga, akaikamua, akaukanda mguu, akampandisha mjukuu kitandani kwake. Katikati ya kumnywesha maji ndipo mama alipouliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mchana: “Leo umekunywa chupa ngapi?”

Nusu chupa. Binti alikuwa amesikia dereva akisema kuwa hifadhini hakuna kushuka ovyo kwenye gari, naye akaogopa kubanwa mkojo mbele ya watu. Akaamua asinywe.

Mama alikuwa amefikiria mbung'o, mbu, baridi, barabara na hospitali. Choo hakukifikiria. Wazazi wengi wenye watoto wa selimundu watalitambua jambo hili kutoka shuleni, ambako mtoto hukwepa maji kwa sababu hiyo hiyo.

Tembo aliondoka, na maumivu yalianza kushuka kabla gari halijawashwa. Alfajiri mtoto alikuwa amelala, baba bado ana funguo mkononi. Kulipokucha mama aliwapigia kliniki. Waliambiwa wamwangalie, wampe maji mara kwa mara, na maumivu yakirudi au homa ikiingia waende hospitali moja kwa moja. Waliomba pia kuhamia hema lililo jirani na maegesho, wakapewa bila maswali.

Siku ya pili ilipangwa kwa vyoo. Dereva, aliyeelezwa kisa kizima, alianzia langoni kwenye choo, akaenda bwawa la viboko ambako watu wanaruhusiwa kushuka, kisha akarudi tena langoni kabla ya kuelekea tambarare ya Mkata. Walimkosa simba na hakuna aliyelalamika.

Huko Mkata bibi aliomba gari lisimame. Upande wa mashariki, nyuma ya nyasi na kundi la pundamilia, Uluguru ilikuwa imekaa na mawingu yake. Hakuwahi kuuona mlima wake kutoka huku.

“Nyuma ya ule mgongo ndipo kwangu,” alimwonyesha mjukuu. “Kule baridi haikutaki. Basi mimi nitakuwa nakufuata huku. Kunywa maji.”

Binti alikunywa mpaka nusu ya chupa, akaifunga, akamgeukia dereva kumuuliza choo kiko umbali gani.