Nilimkatalia Binti Yangu Kuuza Mitumba

Akina mama wenzangu, yapo maneno ambayo mzazi akishayatamka hawezi kuyarudisha mdomoni. Mimi niliyatamka jioni moja ya mwaka 2019, nikiwa jikoni kwangu hapa Mchikichini. Binti yangu, aliyekuwa amemaliza chuo kikuu miaka mitatu nyuma, aliniomba aje sokoni tusaidiane. Nikamjibu: "Sikukusomesha uje kukaa juu ya mitumba. Watu watasema nini?" Hakunijibu. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Kinachonisikitisha hadi leo ni kwamba mitumba hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha. Tena mimi niliyemkataza nilikuwa nimepita chuo, ninayo stashahada ya uhasibu. Naomba niwasimulie, kwa maana naamini si nyumba yangu tu yenye kijana mwenye shahada anayeshinda chumbani huku wazazi wakinong'ona sebuleni.

Mama na kitabu cha pamba

Nilizaliwa mkoani Mwanza mwaka 1966. Mama yangu hakujua kusoma, na katika hilo hakuwa peke yake. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100, karibu 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea nchi nzima.

Darasa la kijijini kwetu lilikuwa chini ya mwembe, jioni, watu wakishatoka shambani. Mama alikuwa na umri wa miaka 35, na mgongoni alibeba mtoto. Kitabu chake kilieleza kilimo cha pamba, kwa kuwa pamba ndiyo tuliyolima. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, rika moja na kaka yangu mkubwa. Mchana kijana huyo alimwamkia mama kwa heshima kama mwana kwa mzazi. Jioni mama alimwita "Mwalimu," na akikosea alikubali kurudia mbele ya majirani. Mtihani wa taifa wa kisomo ulipofanyika mwaka 1975, mama alifaulu. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma nchini walihesabiwa kuwa chini ya 10 katika kila watu wazima 100.

Nilikuwa nikimshikia taa mama yangu akisoma usiku. Nilimcheka alipoikokota silabi, naye alicheka pia. Sikujua kwamba siku moja somo lile litanidai.

"Nguo hujazisoma"

Nilimaliza chuo hapa Dar es Salaam mwaka 1989 nikaajiriwa katika shirika moja la umma. Kizazi chetu tulikua tukiamini kwamba ukishapata cheti na meza ya ofisini, umemaliza kusoma, kilichobaki ni kusubiri pensheni. Miaka ya 1990 ikaja na mambo yake. Serikali iliunda Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, mengi yakauzwa, mengine yakafungwa. Hata Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoonekana kama mlima, iligawanywa mwaka 1997. Mwaka huohuo shirika langu lilipunguza wafanyakazi na jina langu likawamo. Mafao yalichelewa sana. Tulikuwa na watoto wawili, na mshahara wa baba watoto, dereva wa lori, uliishia kwenye kodi ya vyumba na unga.

Jirani akanipeleka Soko la Mchikichini, ambalo wengi hulitaja kwa jina la Karume. Nikakopa, nikanunua robota moja la blauzi, kilo 45, limefungwa kwa mikanda, ndani hujui kuna nini. Nilihesabu nguo zote, nikagawanya bei niliyonunulia, nikaongeza faida kidogo, kila nguo bei moja. Ndivyo hesabu zangu zilivyoniambia. Kulipopambazuka vizuri, wajanja walikuwa wameshaondoka na zote nzuri kwa bei ya kutupa. Nikabaki na rundo lililochanika makwapa.

Kijana wa meza ya pili alikuwa akinitazama. Aliniambia, "Dada, umesoma, lakini nguo hujazisoma." Nilikasirika. Mtu wa darasa la saba kunisahihisha mimi! Nilikaa wiki mbili bila kumsalimu, na katika wiki hizo nikapoteza robota la pili.

Usiku mmoja nikamkumbuka mama chini ya mwembe. Asubuhi nikamwendea yule kijana nikasema, "Mdogo wangu, naomba unifundishe." Hakunicheka. Alinionyesha jinsi ya kuchambua mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nguo safi zisizo na kasoro; hizo zinatolewa kabla ya jua, saa wanapokuja wenye maduka na akina mama wa maofisini, na ndizo zinazotakiwa kurudisha mtaji wote. Fungu la pili ni faida. Fungu la tatu ni la kumwaga kwenye turubai mchana, uuze kwa bei yoyote wala usilie. Alinifundisha kukagua zipu, pindo na kwapa, na kuitazama rangi kwenye mwanga wa jua, kwa maana taa hudanganya.

Mimi nikamfundisha kuandika daftari la mapato na matumizi, maana alikuwa akiuza sana bila kujua fedha zinaishia wapi. Ndipo nilipoelewa habari ya Apollo katika Matendo ya Mitume. Alikuwa msomi kutoka Aleksandria, hodari wa maneno. Hata hivyo Priskila na Akila, mume na mke washona mahema, walimchukua wakamweleza mambo kwa usahihi zaidi, naye akakubali. Sikuona popote kwamba aliwaonyesha cheti.

Niliyempita kama simjui

Miaka 20 meza ile ilitulisha. Ililipa ada za watoto wote wawili, na binti yetu akapata shahada ya sosholojia mwaka 2016. Tulichinja mbuzi. Mwaka uleule Serikali ikasimamisha ajira mpya kwa muda ili kuhakiki watumishi. Barua alizopeleka kwingine hazikujibiwa. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Baba yake alianza kusema kwamba tumesomesha bure. Mimi nilikuwa nikimtetea, lakini alipotaka kuja sokoni ndipo nikayasema yale niliyowaambia mwanzoni.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliona kazi yangu kuwa adhabu niliyoivumilia ili yeye asiionje. Akiishika yeye, ilikuwa kama jasho langu lote limemwagika. Wala sikukumbuka kumuuliza yeye aliionaje.

Baada ya siku ile alianza kutoka kila asubuhi. Aliniambia anafuatilia maombi ya kazi. Mwezi wa nne wa mwaka 2020 nilikatiza mtaa ambao si njia yangu, nikamwona kibarazani kwa fundi cherehani, mama mmoja ambaye hakufika sekondari. Binti yangu alikuwa ameinamia cherehani, futi ya kupimia shingoni, na yule mama akimfumua mshono aliokosea. Aliinua macho akaniona. Mimi nilikuwa na mama mwenzangu wa kanisani. Nikapita kama simjui.

Nyumbani hakuna aliyelizungumza. Tuliishi hivyo karibu miaka miwili, tukisalimiana kama wapangaji.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, soko letu liliungua. Nilikuwa nimeshapiga pasi nguo za ibada simu ilipolia. Nilipofika, mahali pa meza yangu palikuwa na majivu na vipande vya mabati. Marobota matatu yaliteketea, moja lilikuwa la mkopo wa kikoba. Nilirudi nyumbani nikakaa chini sakafuni na gauni langu la kanisani.

Binti yangu aliingia chumbani kwake akarudi akiburuta gunia. Ndani mlikuwa na nguo za fungu la tatu, zile nilizokuwa nikizitupa, amezikusanya kwa siri miezi mingi. Magauni mapana alikuwa ameyakata akashona ya watoto. Mashati yaliyochanika yamekuwa mito na aproni. Vipande 64. Akaniambia, "Mama, tuanze na hizi."

Nililia. Kisha nikamwambia lile nililopaswa kusema siku ile mtaani: "Mwanangu, nilikuona, nikaona aibu. Nisamehe." Akasema alijua nilimwona. Alinisamehe, lakini nawaambia kweli, haikufutika siku moja. Mpaka leo nikipita kibaraza kile moyo hunichoma.

Kufundishwa mara ya tatu

Tuliporuhusiwa kurudi sokoni, tulirudi na meza moja. Yeye hushona nyumbani, mimi nauza. Akanifundisha kupiga picha za nguo kwa simu na kuwatumia wateja. Nilikuwa na miaka 56. "Si kwa nguvu, mama, gusa taratibu," ananiambia, nami narudia, kama mama yangu na silabi zake. Sosholojia yake nayo haikupotea. Yeye huuliza wateja maswali ambayo mimi sikuwahi kuwaza, akayaandika, na ndiye aliyegundua kwamba wanaotafuta zaidi ni akina mama wa watoto wachanga. Deni la kikoba tulilimaliza kwa miezi 19. Baba yake bado huwaambia wageni kwamba binti "anasubiri ajira," nasi hatumbishii.

Mwaka 2023 alipimwa ufundi wake na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wao wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Cheti hicho tumekitundika ukutani pamoja na shahada yake. Stashahada yangu, iliyokuwa uvunguni tangu mwaka 1997, nayo nimeitoa nikaitundika.

Kwa wale wanaotamani kurudi darasani, mlango upo pia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na hufundisha watu wakiwa majumbani na makazini mwao. Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuguzi, alisoma humo usiku watoto wakilala.

Mama mwenzangu, nina mambo matatu ya kukuachia. La kwanza, shahada ya mwanao haina haja ya kulindwa dhidi ya kazi. Alichosoma atakibeba popote atakapokwenda. La pili, kabla hujasema "watu watasema nini," jiulize watu hao wanalipa kodi ya chumba kipi katika nyumba yako. La tatu, na hili ndilo gumu: ukitaka mwanao akubali kuanza upya chini ya mwalimu asiye na cheti, na wewe kubali kufundishwa mbele yake. Mimi kusoma kwa mama yangu nilikuona kwa macho, nikiwa nimeshika taa. Binti yangu nilimnyima kuona nilivyofundishwa na kijana wa meza ya pili. Nilimficha habari hiyo kwa miaka 20, nikidhani namlinda.

Je, wa kwako anajua wewe ulifundishwa na nani?