Kwa Mpwa Wangu Aliye Kwenye Foleni Tunduma

Mlowo, Mbozi

Mpwa wangu,

 Bibi yako anauliza kama unakula.

Mama yako ameniambia umeshafika Lubumbashi zaidi ya mara moja tangu uanze utingo. Nikamuuliza umemsimulia nini cha huko. Akacheka: foleni, mizani, na bei ya chakula. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mtu anaweza kutoka Dar es Salaam hadi Kongo akiwa amejinyoosha kwenye kitanda cha nyuma ya dereva, akaamka mpakani, akalala tena. Vijana wengi wa barabara hiyo wamezeeka hivyo, na ukiwauliza habari za Zambia watakutajia vituo vya mafuta.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na kazi ikawa nyepesi kuliko zamani, lakini karatasi za mzigo zikikwama, zimekwama. Siku hizo za kungoja mnazimaliza kwa karata, simu na usingizi wa chini ya tela. Mimi naona hizo ndizo siku zako za kutembea.

Najua gari haliachwi peke yake. Ukiligeuzia mgongo, turubai limechanwa na dizeli imenyonywa. Basi panga na dereva: leo alinde yeye, kesho wewe. Muage, urudi kabla ya giza. Akikataa usibishane naye, ni mkubwa wako kazini. Omba tena siku nyingine.

Akikuruhusu, panda Coaster ya Mbeya, upite Vwawa, ushuke hapa Mlowo. Chukua bodaboda hadi Ndolezi ukaone kimondo. Mnapita karibu nacho kila safari! Ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3, uzito wake hukadiriwa tani 12 au zaidi, na ndani kuna nikeli kidogo. Vitabu husema mpima ardhi mmoja, W. H. Nott, alikigundua mwaka 1930. Wanyiha walikuwa wakikijua kabla yake, ila hawakuwa na gazeti la kutangazia. Kiguse. Kina mabonde madogo madogo kama unga uliobonyezwa kwa vidole, na hata jua likiwaka sana utakuta upande wa kivulini una baridi. Tafuta pia alama ya msumeno, walipokata kipande cha kwenda kupimwa. Ukirudi, pita kwenye mashamba ya kahawa. Ikiwa ni msimu, utaikuta imeanikwa kwenye vichanja, na wenyewe wamekaa pembeni wanakunywa chai.

Siku nyingine anzia Mpemba, hapo hapo jirani na Tunduma, uelekee Ileje. Lami inapanda milimani hadi Isongole, na ng'ambo ni Malawi. Chukua koti. Asubuhi umenunua vitumbua ukiitazama Zambia, mchana unakula ukiitazama Malawi. Mkoa wetu huu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, ndio unaokupa hayo kwa nauli ndogo.

Nasikia mnataniana kwamba ukivuka Nakonde umeongezewa saa moja, kwa kuwa saa ya Zambia iko nyuma ya yetu. Ukirudi huku wanaichukua tena, kwa hiyo usiihesabu. Ukiwa kule, zungumza na watu. Kinamwanga kinasemwa pande zote mbili za mpaka; jifunze salamu tu, utaona bei inavyoshuka.

Kila jioni lipe daftari lako mstari mmoja: andika jina la mahali na jambo uliloambiwa na mwenyeji. Picha za simu hupotea na simu yenyewe, hasa hapo stendi.

Foleni ikiwa bado haijasogea Jumamosi, nipigie mapema. Nitakungoja barabarani Mlowo, twende wote Ndolezi. Nauli ya bodaboda ni juu yangu.

Mjomba wako