Ireland kwa Miguu: Kandokando ya Mito na Chini ya Mialoni

Ireland ikitajwa, wengi wetu hukumbuka mvua na majani mabichi. Kumbukumbu hiyo ni sahihi, kwani mvua ndiyo inayoyalea majani hayo mwaka mzima. Lisilojulikana sana ni kwamba kisiwa hicho ni miongoni mwa nchi nyepesi kutembelewa kwa miguu na familia nzima, tangu bibi mwenye magoti mazito hadi mtoto aliyeanza kukimbia juzi. Milima yake si mirefu, misitu yake haina chui wala simba, na nyoka wa porini hakuna kabisa. Bahari ilikizunguka kisiwa baada ya zama za barafu kabla nyoka hawajafika, na tangu hapo hawakupata njia ya kuvuka.

Makala haya yanawalenga wenye jamaa huko wanaotarajia kuwatembelea, na pia familia zetu zilizohamia Dublin na miji mingine, ambazo siku za mapumziko huishia madukani kwa kutojua pa kuwapeleka watoto. Hatutazungumzia kupanda vilele. Tutazungumzia njia tambarare za kando ya mito na za ndani ya misitu, ambazo mtu huzitembea kwa saa moja au mbili na kurudi nyumbani na nguvu zake.

Tuanze na mto Barrow, ambao kwa urefu ni wa pili nchini humo baada ya Shannon. Unaanzia katika milima ya Slieve Bloom na kuteremka kusini kwa kilomita 192 hadi baharini. Ukingoni mwake imo njia ya majani inayofuata maji kwa zaidi ya kilomita 100. Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya matembezi. Katika karne ya 18 mto ulirekebishwa ili upitishe mashua za mizigo, na kwa kuwa mashua hizo hazikuwa na injini, zilivutwa kwa kamba na farasi aliyetembea ukingoni. Farasi hawezi kuvuta mzigo mzito akipanda na kushuka. Ndiyo maana njia yake ilisawazishwa. Leo farasi na mashua za biashara zimekwisha, na usawa ule uliokusudiwa kumpunguzia mnyama taabu umekuwa raha ya wazee na watoto.

Kipande kizuri zaidi kwa familia ni kile cha kutoka Graiguenamanagh hadi St Mullins, mwendo wa kama saa mbili kwa wasio na haraka. Jina la mji wa kwanza, kwa lugha ya Kiairishi, maana yake ni kijiji cha watawa, na kanisa la watawa hao lililoasisiwa mwaka 1204 lingali limesimama katikati ya mji. Ukiuacha mji nyuma, mto huingia katika bonde lenye miti pande zote mbili. Kila baada ya masafa fulani utakuta lango la maji: chumba cha mawe chenye milango mizito ya mbao, ambamo mashua huingia, milango ikafungwa, maji yakajazwa au kupunguzwa, na mashua ikapanda au kushuka kama mtu aliye katika lifti. Watoto wakikuta mashua ikipita hapo, msiwahimize kuondoka. Somo la fizikia watakalolipata ni la bure. Korongo wa kijivu husimama majini bila kutikisika akivizia samaki, na mwenye bahati humwona mdiria akipita kama cheche ya buluu.

St Mullins ndipo mto unapoonja bahari. Hadi hapo maji hupwa na kujaa, ingawa pwani yenyewe iko mbali. Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja atayatazama maji hayo akayaelewa bila kuelezwa.

Mto wa pili ni Boyne, kaskazini mwa Dublin. Nao una mfereji wa kale na njia ya farasi, na wakazi wa Navan huitumia njia hiyo kutembea hadi daraja la Stackallen, kama kilomita 8, wakipita chini ya miti huku magofu ya ngome na makanisa yakitazama kutoka juu ya kingo. Anayetaka mwendo mfupi zaidi na apande treni kutoka Dublin hadi Drogheda, kisha afuate njia ya ukingoni kuelekea Oldbridge, mahali palipopiganwa vita vya mwaka 1690 baina ya wafalme wawili waliogombea taji la Uingereza. Mbele zaidi juu ya mto huo lipo kaburi la Newgrange, lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi kubwa za Misri. Waliolijenga waliipima njia ya jua kwa ustadi hata asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka mwanga wake hupenya hadi chumba cha ndani kabisa.

Drogheda ina habari inayotuhusu. Mwaka 1845 ukungu uliangukia viazi, chakula cha pekee cha mafukara wa Ireland, na miaka iliyofuata ikawa ya Njaa Kuu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine milioni moja wakaihama nchi. Mwaka 1847 Sultani Abdulmejid wa dola ya Uthmaniya alitoa mchango wa pauni 1,000 kwa ajili ya wenye njaa, na wakuu wa Ireland wakamwandikia barua ya shukrani. Hayo yamethibitika. Watu wa Drogheda husimulia zaidi ya hapo: kwamba Sultani alituma pia merikebu za chakula zilizoingia katika mto wao kwa siri, na kwamba nyota na hilali iliyomo katika nembo ya mji ni ukumbusho wa wema huo. Masimulizi haya huenezwa sana katika simu zetu, na inafaa tuyapokee kwa uangalifu. Nembo hiyo ni ya kale kuliko njaa yenyewe, na kuhusu merikebu wanahistoria hawajakubaliana. Sadaka iliyothibitika inatosha kuwa fahari. Haihitaji kupambwa kwa lisilothibitika. Mzazi anayetembea na watoto ukingoni hapo ana nafasi ya kuwafundisha mambo mawili kwa pamoja: ukarimu kwa mhitaji wa mbali asiye wa dini yako, na uaminifu katika kusimulia.

Sasa tuingie msituni. Mgeni hudhani kwamba nchi ya kijani namna ile lazima iwe nchi ya misitu. Kumbe sivyo. Kijani anachokiona ni malisho ya ng'ombe na kondoo. Zamani kisiwa kilifunikwa na mialoni na misonobari, lakini wakulima wa kwanza walianza kufyeka, na katika karne ya 16 na ya 17, chini ya utawala wa Kiingereza, miti ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya merikebu, mapipa na mkaa wa kuyeyushia chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilikuwa imebaki kama asilimia 1 ya ardhi. Leo imefikia takriban asilimia 11, bado ikiwa chini sana ya nchi nyingi za Ulaya, na sehemu kubwa ya iliyopandwa ni misprusi iliyoletwa kutoka Amerika ya Kaskazini, ikisimama kwa mistari kama askari. Karne nzima ya kupanda haijatosha kurudisha kilichofyekwa.

Kwa hiyo misitu michache ya kale iliyosalia ina thamani ya pekee, na mmojawapo umo Glendalough, katika milima ya Wicklow, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Dublin. Jina hilo maana yake ni bonde la maziwa mawili. Katika karne ya 6 mtawa mmoja alijitenga huko kwa ibada, na baada yake ukakua mji wa wasomi, ambao mnara wake wa mviringo, wenye urefu wa kama mita 30, ungali umesimama. Kati ya mnara na ziwa la juu kuna njia pana isiyo na mwinuko, inayopita chini ya mialoni, na hata kigari cha mtoto hupita. Mashina yamevikwa uoto laini wa kijani, na mwishoni mwa majira ya machipuko ardhi chini yake hujaa maua ya samawati.

Avondale, nako Wicklow, ni nyumba alikozaliwa mwaka 1846 Charles Stewart Parnell, kiongozi aliyepigania haki za wakulima wapangaji. Mwaka 1904 shamba lake likawa chimbuko la misitu ya serikali: humo yalipandwa majaribio ya miti ya kila aina ili kujua ipi ingestahimili udongo na hali ya hewa ya Ireland. Anayetembea humo leo anapita chini ya majaribio hayo, sasa yakiwa majitu. Tangu mwaka 2022 ipo pia njia ya mbao iliyoinuliwa baina ya vilele vya miti, kwa kiingilio. Wanaofika kusini-magharibi wasiiache hifadhi ya Killarney, iliyoanzishwa mwaka 1932, yenye mialoni ya kale, kulungu wekundu na maporomoko ya Torc yaliyo karibu kabisa na barabara. Hapo pia wataona mmea wa kigeni wenye maua mazuri ya zambarau, uitwao rododendroni, ambao umetanda chini ya mialoni na kuwanyima jua miche wachanga. Vikundi vya watu huung'oa mwaka baada ya mwaka.

Yapo ya kuzingatia kabla ya kufunga safari. Ireland haimo katika mpango wa viza wa Schengen, hivyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haitamfikisha mtu Dublin. Vaeni viatu visivyopenyeza maji na mchukue koti la mvua hata asubuhi ikiwa na jua, maana mawingu ya huko hayapigi hodi. Mkitoka katika majani marefu, kagueni miguu ya watoto, kwani wapo kupe wanaoweza kuambukiza maradhi. Nyingi ya njia zenye alama huonyesha picha ya mtu anayetembea, ya rangi ya manjano. Na penye mizunguko kadhaa, mshale wa kijani kwa kawaida ndio wa njia nyepesi zaidi. Ardhi nyingi ni mali ya wakulima, na mgeni hupita kwa hisani yao: funga kila lango ulilolifungua, wala usiwaendee kondoo.

Chakula chukueni kutoka nyumbani au mjini, kwa sababu vijijini nyama ya halali ni nadra, ijapokuwa Dublin ina maduka mengi na Ballyhaunis, mji mdogo wa magharibi, una msikiti tangu miaka ya 1980. Waislamu nchini humo sasa wanazidi 80,000. Kuhusu sala, kibla kiko upande wa kusini-mashariki. Mwezi Juni jua huchomoza kama saa kumi na moja alfajiri na huzama karibu saa nne usiku, na mwanga wa machweo haupotei kabisa hadi alfajiri nyingine. Kwa hiyo fuateni ratiba ya msikiti wa karibu kwa Isha na Alfajiri. Desemba mambo hugeuka: jua huzama saa kumi na dakika chache, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa karibu. Panga matembezi kwa saa za sala, si sala kwa matembezi. Mkeka mwepesi usiopitisha maji utawafaa, na sehemu tulivu kando ya njia haikosekani. Wenyeji huamkia kila mpita njia. Baadhi yao wakitaja mipango ya kesho huongeza maneno yenye maana ya Mungu akipenda. Kwa Kiairishi husema *le cúnamh Dé*, yaani kwa msaada wa Mungu. Sikio letu halitaona ugeni hapo.

Matembezi haya hayana gharama kubwa. Yanadai muda tu, na simu kubaki mfukoni. Baba na mtoto wanaotembea bega kwa bega husemezana mambo yasiyosemeka wakiwa wamekaa mezani wakitazamana. Na ukiwa chini ya mti uliopandwa na mtu aliyejua kwamba hatauona ukikomaa, mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba anayepanda mti huandikiwa sadaka kwa kila anayekula katika matunda yake, awe mtu au ndege, mtoto huyaelewa bila maelezo marefu. Mkirudi nyumbani, iwe ni Dublin au Dar es Salaam, mtafutieni mche wake mmoja na mahali pa kuupanda.