Jirani Zangu wa Ng'ambo ya Ukuta

Wengi wetu tukisikia neno misionari huona mara moja padri mwenye ndevu ndefu akipita na pikipiki katika njia ya vumbi. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi mwisho wa mwaka 2018, walipohamia ng'ambo ya ukuta wetu hapa Lubumbashi mume na mke kutoka Marekani. Mume alikuwa na miaka 72, mke 69. Yule bwana alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Idaho, na mkewe alikuwa muuguzi. Hakuwa padri, wala mkewe hakuwa mtawa. Walikuwa na watoto sita na wajukuu wasiotosha kuhesabiwa kwa vidole.

Walitumwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, na ambalo limetambuliwa nchini kwetu tangu 1986. Mbali na vijana wake wanaotembea wawili wawili wamefunga tai, kanisa hilo huwapokea pia watu wa ndoa waliokwisha kustaafu, kwa miezi sita hadi 23. Hawapati mshahara, pango na chakula hutoka katika akiba yao wenyewe.

Jambo moja lilinichekesha sana. Katika vitabu vyao vya Kiswahili, kijana wa miaka 18 aliyetumwa kuhubiri huitwa Mzee, na bibi wa miaka 69 huitwa Dada. Nilimwambia jirani yangu kwamba hapa kwetu, nikimwita Dada mbele ya wanangu, watadhani nimepoteza heshima. Tukapatana nimwite Mama, naye aniite Mama Mwalimu.

Siku yao ilianza saa kumi na moja alfajiri, maji ya bomba yanapoanza kuguna. Mzee alijaza mapipa, mkewe akawasha jiko la makala. Wakisha kusali na kula, walifunga safari kuzitembelea nyumba za wale vijana: chandarua kimetoboka? Chujio la maji limesafishwa? Nani ana homa? Kijana wa miaka 19 aliye mbali na mamaye, akipatwa na malaria, huwa mtoto mchanga tena, na huyu mama ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake. Jioni walifanya hesabu na barua, kisha mzee huyo akaosha vyombo.

Hapo ndipo palipokuwa na shida katika nyumba yangu. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kazi ya shaba. Tangu astaafu, alikaa chini ya mwembe asubuhi hadi jioni. Hakusema neno ila la kuuliza chakula, na siku hizo lutuku ilikuwa imeanza kumzoea. Alipomwona mzee mwenziwe juu ya ukuta, mikono imejaa povu, alicheka kwa dharau. "Mwanaume huyo amerogwa," alisema. Sikumjibu. Miaka minne nilikuwa nimejifunza kutomjibu.

Basi katika masika ya 2019 mama yule aliugua mwenyewe. Siku tatu mumewe alimpikia uji, tena uji wenye madonge, nami nikawa napeleka sombe na bukari laini. Siku ya tatu mzee alibisha mlango, asinitafute mimi. Kwa Kifaransa chake cha kuchechemea alimwambia mume wangu kuwa pampu ya nyumba moja ya vijana imekufa, kwamba yeye anajua ng'ombe lakini pampu hii imemshinda, na mkewe hawezi kuachwa muda mrefu. Je, baba angeweza kuitazama?

Mume wangu alikaa kimya kitambo. Kisha akainuka, akauliza viatu vyake viko wapi. Alirudi usiku, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, akidai sabuni. Nilikwenda kuileta sabuni hiyo nikiwa na machozi, nikasingizia moshi wa jiko.

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Sikuona kwamba walizungumza dini, walizungumza skrubu. Kanisa letu halikubadilika, nasi hatukuhama.

Isidhaniwe kwamba nilikubaliana nao katika yote. Mwaka ule huo mjukuu wao alizaliwa, wakamwona katika simu tu. Nilimwuliza mama, kwa hasira kidogo, ni bibi gani asiyekwenda kumwogesha mtoto wa binti yake. Alikoroga bukari kimya, kisha akasema, "Binti yangu ananiuliza hivyo hivyo, Mama Mwalimu. Bado sijapata jibu la kumtosha." Nilimpenda zaidi kwa kutojitetea, ingawa hadi leo naona binti yule alikuwa na haki.

Walipaswa kuondoka Mei 2020. Lakini ilipofika Machi, ugonjwa wa Korona ulipotanda, kanisa lao likawarudisha makwao wamisionari wa kigeni, na wazee wakiwa miongoni mwa walioogopewa zaidi. Walipata habari jioni. Asubuhi gari lilikuwa mlangoni. Hatukukumbatiana, maana ilikwisha katazwa. Mama alisimama hatua chache nami, ameshika mwiko nilioufundishia mkono wake, akauliza kama anaweza kuuchukua.

Sanduku la spana mzee alimwachia mume wangu. Kiti cha chini ya mwembe sasa nakikalia mimi, jioni, nikingoja fundi arudi na makelele yake ya kudai sabuni.